NASAHA KWA WASAFIRI WA PWANI: KUDUMU NA DAWA NA HAKI YA MGONJWA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa yake, aliyewafunika waja wake kwa sitara yake wala hakuwafedhehi mbele ya viumbe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa akiwazuru wagonjwa, tajiri na maskini, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu zangu wana wa pwani, watu wa Tanga na Bagamoyo na Dar es Salaam, watu wa Mombasa na Lamu, na wa Unguja na Pemba! Waraka huu umeandikwa Kabanga, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, mahali ambapo njia itokayo Dar es Salaam huiacha nchi yetu na kuingia Burundi. Mimi ni mtu wa pwani kama nyinyi. Nilikuja huku kusomesha chuo, nikadhani nitakaa miaka miwili, na sasa ndevu zangu zimeingia mvi papa hapa. Magari ya mizigo hufika kwetu baada ya kupita Morogoro na Dodoma na Singida na Nzega na Kahama, yakasimama mpakani yakingoja karatasi zake. Na dereva na utingo wake huja msikitini kwetu kusali, nami nikisikia lahaja ya kwetu moyo hufurahi. Basi khabari nitakayoieleza niliipata kwenu, na kwenu ndiko ninakoirudisha.

Khabari yenyewe ni ya maradhi ya UKIMWI. Najua wako watakaosema, "Maalim ameishiwa na maneno, sasa anatuletea mambo ya aibu." Nami nasema, vitabu vyetu vya fikihi havikuona haya kueleza janaba wala hedhi wala nifasi, kwani katika dini hapana haya juu ya lililo wajibu kulijua. Na hili limekuwa wajibu.

Mkoa huu wa Kagera ndio uliotangulia kuonja msiba huu katika Tanzania. Wagonjwa watatu wa kwanza walijulikana hapa mwaka 1983. Watu hawakuwa na jina la ugonjwa huo. Wakauita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanya biashara kutoka Uganda, kwani waliofanya biashara ile na waliovaa nguo ile ndio walioonekana wakikonda. Ilipofika 1986 ulikuwa umekwisha kuonekana katika mikoa yote ya bara, na mwaka huo huo ukathibitika Unguja. Miaka mitatu tu, kutoka ziwani mpaka kisiwani! Katika mji wa Bukoba, wataalamu walipowapima watu wazima mwaka 1987, walimkuta mmoja karibu katika kila wanne ana virusi, yaani 24.2 kwa mia. Na walipopima tena mwaka 1996 walikuta 13.3 kwa mia. Basi mwenye kusema kwamba hapana linaloweza kufanywa, na aitazame Bukoba.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya kueleza tarehe. Nimeishika kwa sababu ya kosa langu mimi mwenyewe, na mwenye khabari amenipa ruhusa niieleze bila ya kumtaja jina wala mji.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani mwaka 1442, mwishoni mwa Machi 2021. Dereva mmoja, kijana wa kwetu, niliyezoea kumwona kila gari lake lifikapo, alinijia baada ya sala ya alasiri nami nimo chuoni, watoto wananipigia kelele. Akaniambia, "Maalim, mimi kuna kidonge nakila kila siku saa mbili asubuhi. Na Ramadhani hiyo inakuja. Nifanyeje?"

Sikumuuliza ni kidonge cha nini. Nilimtazama nikaona kifua kipana na mikono ya mtu wa kazi, nikamjibu, "Mwanangu, saumu ni faradhi. Ikiwa una nguvu za kuendesha gari kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, basi nguvu za kufunga unazo. Kiweke hicho kidonge mpaka Mfunguo Mosi, na mwenye kuponya ni Mungu."

Akasema, "Ahsante, Maalim," akaenda zake. Nami nikarudi kwa watoto wangu, na usiku ule nikalala vizuri.

Mwaka uliofuata gari lile lilikuja na dereva mwengine. Nikamwuliza utingo, akaniambia mwenzake hajiwezi, amelazwa kwa kifua kikuu. Baadaye nikayajua yote. Kidonge kile kilikuwa cha kufubaza virusi vya UKIMWI. Alikiacha Ramadhani nzima kwa neno langu. Mfunguo Mosi ukaja, akajiona ana afya kama kawaida. Na kule kukificha kidonge kila siku, mara ndani ya kopo la sukari, mara chini ya kiti cha gari ili utingo asikione, kulikuwa kumemchosha. Basi akasema moyoni mwake, mbona mwezi mzima nimekaa bila yake wala sikuumwa? Akakiacha moja kwa moja. Mwaka haukutimia, kifua kikuu kikamshika.

Yeye alipona, alhamdulillahi, na dawa amezirudia. Lakini mkewe, aliyekuwa amepimwa zamani akaonekana hana kitu, alipokwenda kliniki na mimba yake aliambiwa anavyo virusi. Mtoto amezaliwa salama, kwani mama alipewa dawa kwa wakati. Ama yule mama, yeye ni mgonjwa kwa maisha yake yote, na katika ugonjwa wake lina sehemu neno langu.

Amepokea Abu Daud katika Sunani yake khabari ya Jabir, kwamba walitoka safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akaota usiku. Akawauliza wenziwe kama anayo rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia, hatukuonei rukhsa nawe waweza kupata maji. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume S.A.W. alikasirika sana, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kuwa hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya ujinga ni kuuliza. Hadithi hiyo nimewasomesha watoto miaka ishirini. Nimewahifadhisha! Na siku iliponihusu mimi, sikuikumbuka. Wale wenziwe walau walijua kwamba ana jeraha kichwani. Mimi hata jeraha sikuliuliza.

Wala mas-ala yenyewe hayakuwa magumu. Yule kijana alikuwa na udhuru wa namna mbili ulio wazi katika Suratul Bakara: maradhi na safari. Na hata kama hakutaka kuzitumia rukhsa hizo, kidonge kile huliwa mara moja tu kati ya usiku na mchana. Katika madhehebu yetu ya Shafii chochote kinachofika tumboni kwa makusudi hufunguza, hata kisipokuwa chakula; kwa hivyo kidonge cha mchana kweli kinabatilisha saumu. Lakini usiku je? Angelihamishia baada ya kufuturu, saumu yake ikatimia na dawa yake ikatimia. Kwetu sisi tulio karibu na mstari wa ikweta, wakati wa magharibi hauhami kama wa watu wa Ulaya; katika mwaka mzima tofauti yake haifiki saa moja. Basi mwenye kukila baada ya magharibi katika Rajabu, atakila baada ya magharibi katika Ramadhani, wala hatabadili kitu. Na mwenye kupewa dawa za mara mbili, yako daku na iko futari. Na amwulize tabibu wake kabla mwezi haujaandama, siyo baada ya kufunga siku kumi. Na tabibu akimwambia mgonjwa kuwa mwili wake hauwezi saumu, basi na ale, atalipa akipona. Na ikiwa ni maradhi yasiyotarajiwa kuondoka na saumu haiwezi kabisa, atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku, na Mola wake hamdai zaidi ya hayo. Hayo yote ningeliweza kumwambia kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Sasa natumai mtauliza, kwani kukiacha kidonge mwezi mmoja kuna nini? Virusi hivi hukaa ndani ya askari wa mwili, nao ni chembe nyeupe za damu, vikazaana humo na kuwaua. Dawa haiviui vyote, huvizuia visizaane. Vichache hubaki vimejificha mahali dawa haivipati, vimelala kama makaa ndani ya jivu. Mtu anapoacha dawa, baada ya wiki chache makaa huwaka. Na mwenye kula leo akaacha kesho, akala tena keshokutwa, yumo katika khatari nyengine: virusi huizoea dawa ikiwa ndogo, vikapata usugu, na dawa ile haitamfaa tena hata akiila kwa wakati. Kwa hiyo katika dawa hii kudumu ndiko kunakotakiwa zaidi ya kila kitu. Na nani ajuaye kudumu kama sisi? Bibi Aisha radhi za Mungu ziwe juu yake ametupokelea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ingawa ni kidogo.

Hapa iko khabari iliyonikera na kunifurahisha. Mwaka 2001, dawa hizi zilipokuwa ghali na watu wakidai ziletwe Afrika, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alisema kwamba Waafrika wengi hawajui saa, kwa hivyo hawataweza kula dawa kwa nyakati zake. Mwaka 2006 wataalamu walikusanya uchunguzi uliofanywa Afrika na uliofanywa Amerika ya Kaskazini, wakalinganisha. Walioshika dawa zao sawasawa Afrika walikuwa 77 katika mia. Na kule walikokwisha kuvaa saa za mkononi tangu zamani, walikuwa 55. Nani asiyejua saa? Mtu anayeamka alfajiri kwa adhana, akajua adhuhuri kwa kivuli na magharibi kwa kuchwa kwa jua, aambiwe hajui wakati!

Ela tusijisifu haraka. Katika wale 77 hawakuhesabiwa waliofichwa na aibu hata kupimwa hawakwenda. Na katika nchi zetu wanaume ndio wa nyuma katika kupimwa na katika kudumu na dawa. Mwanamke akenda kliniki kwa mimba yake hupimwa. Mwanamume huenda kliniki kwa nini? Hungoja mpaka abebwe.

Na kwa nini mtu mwenye akili, aliyepewa dawa bure (kwani Serikali ya Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004), huiacha? Wengi hudhani ni uvivu au ujinga. Wataalamu waliokaa na wagonjwa wakawasikiliza wameona sivyo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009, walifanya mazungumzo na watu 252, wagonjwa na wasaidizi wao na waganga, katika Jos ya Nijeria, na Dar es Salaam, na Mbarara ya Uganda. Waliwakuta maskini wanaokopa nauli, wanaoomba kwa jirani, wanaopunguza chakula cha nyumbani, ili wasikose siku ya kuchukua dawa. Kilichowashika ni watu wao. Ndugu aliyemkumbusha, rafiki aliyempa nauli, mama aliyempikia: mgonjwa hakutaka kuwavunja moyo hao, wala kulivunja fungamano ambalo kesho atalihitaji tena. Basi aliye na watu hudumu na dawa, na aliyetengwa huiacha.

Na huku Kenya walifanya jambo dogo mno, hata niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Waliwachukua wagonjwa 538 wanaotibiwa Nairobi na Kajiado, wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja waliwapelekea ujumbe kwa simu mara moja kila wiki, neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa hujibu "Sawa" au "Shida", na akijibu shida, au akinyamaza siku mbili, mwuguzi humpigia. Fungu la pili waliachwa na matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka, walioulizwa "Mambo?" 62 katika mia walikuwa wameshika dawa sawasawa, na wasioulizwa 50. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2010. Hawakuongezewa dawa nyengine, wala hawakupewa fedha. Walijuliwa hali.

Waislamu, si sisi tulioambiwa na Mtume wetu S.A.W. kwamba miongoni mwa haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe ni kumzuru akiugua? Haki! Hakusema hisani. Nasi tunamzuru mwenye homa, tunamzuru aliyevunjika mguu, tukamchukulia machungwa na maziwa. Ama mwenye maradhi haya tunamwendea kwa ulimi, na yeye hayupo. Tukikaa barazani na kahawa zetu, akipita mtu amekonda kidogo, mmoja hukohoa, mwengine husema, "Huyo amekanyaga waya," na watatu huongeza, "Nasikia anakula njugu." Tukacheka. Na Mtume S.A.W. amekwisha kutufasiria kwamba kumtaja ndugu yako kwa analochukia ndiyo ghiba yenyewe ikiwa unalolisema analo. Na ikiwa hanalo, umemzulia. Hatuna njia ya kutokea hapo, ndugu zangu. Kweli ni dhambi na uwongo ni dhambi.

Tena fahamuni kwamba maneno yale hayaishii barazani. Katika wale watano waliokaa, huenda yumo mmoja mwenye kidonge mfukoni. Yeye hucheka pamoja nanyi ili asijulikane, na jioni kidonge hakili, kwani amelala chumba kimoja na mwenziwe safarini, au mama mkwe amekuja kukaa siku tatu, au utingo ni mpekuzi. Akakosa leo, akakosa kesho. Yule kijana wangu aliniambia, "Maalim, kidonge kukimeza si kazi. Kazi ni kukitoa." Maneno hayo yamekaa kifuani mwangu. Sisi ndio tuliokifanya kizito.

Wako pia wanaoacha dawa kwa kudhani wamefuata dini. Mtu amesomewa, amenyweshwa kombe, akaambiwa umepona, tupa vidonge. Mimi sikatazi kisomo. Kurani ni shifaa na dua ni silaha ya muumini. Lakini Mabedui walipomwuliza Mtume wetu kama watumie dawa, aliwaamrisha watumie, na akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea ponyo, isipokuwa uzee. Basi msomee mgonjwa, umnyweshe kombe lako, na kidonge chake akile kwa maji yake. Anayemwambia aache, huyo na arejee katika hadithi ya mwenye jeraha, aone jina aliloitwa. Mwaka 2011 tuliona wenyewe yaliyotokea Samunge huko Loliondo, alipotokea mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile akitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, akisema huponya UKIMWI na kisukari na mengineyo. Magari yalipanga safu za maili na maili, na wagonjwa wengine walifia njiani. Nawajua Waislamu waliokwenda, nawajua walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa. Wengine hatunao tena.

Na msinitajie kadari kwa maana ya kukaa bure. Sayidna Umar alipokwenda Shamu akafika Sargh, akapewa khabari kwamba tauni imeingia, alirudi na watu wake. Abu Ubeida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari yake nyengine. Kidonge nacho kimo katika kadari.

Nimekuja sasa kwenye jambo la mke, nalo ndilo linaloniuma. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi tisa, Afrika zikiwamo, juu ya wawili 1,763 ambao mmoja anavyo virusi na mwenziwe hana. Waliopewa dawa mapema, maambukizi kutoka kwao kwenda kwa wenzi wao yalipungua kwa sehemu 96 katika mia. Na uchunguzi uliofuata Ulaya, uliotangazwa mwaka 2016, ulikuwa na wawili 888 wasiotumia mpira. Haukupata hata mmoja aliyeambukizwa na mwenziwe mwenye kushika dawa hata virusi visionekane katika damu. Maana yake ni hii: mume anayekula dawa yake kila siku, akapimwa wingi wa virusi akaambiwa havionekani, anaweza kukaa na mkewe, na kuzaa naye, wala asimdhuru. Na mume anayeiacha kwa haya ya barazani, humtia mkewe mkononi mwa maradhi naye amelala kwa amani. Dini yetu hairuhusu kudhuru wala kulipiza dhara. Mwanamke yule amekosa nini?

Na kwa mwenye kutaka kuoa: Imam Nawawi katika Minhaj amewapa mume na mke khiari ya kuvunja ndoa akimkuta mwenziwe ana wazimu au ukoma au mbalanga. Waliotafuta sababu ya khiari hiyo wameiona katika kudhurika na kukimbiwa na moyo. Mimi naona wajibu wa kumwambia mposwa ukweli kabla ya akidi hauna shaka yoyote, kisha yeye ndiye mwenye kuchagua. Na wako wengi waliochagua kukaa, wakakaa kwa wema. Mawalii wa wanawake, msione haya kudai vyeti vya kupimwa. Mahari mnayahesabu mpaka senti ya mwisho, hili mnalinyamazia.

Ama kujikinga, maneno yake mnayajua: zina haramu, na Kitabu kimetukataza hata kuikaribia. Lakini nyinyi wasafiri mnajua kuliko mimi jinsi inavyokaribia yenyewe. Mtu amekaa mpakani siku tatu, ana fedha za posho mfukoni, baridi ya milima ya Ngara inamwingia mifupani, na mlango wa jirani uko wazi. Sitawadanganya kwamba waadhi peke yake unatosha. Wala sitakubali wanaosema waadhi haufai kitu. Mombasa walifuatwa wafanya kazi 556 wa makampuni ya magari ya mizigo, wote wasio na virusi, wakawa wakipimwa na kushauriwa mmoja mmoja kwa muda. Matokeo yalitangazwa mwaka 1997. Waliokuwa wakitoka nje ya ndoa walipungua kutoka 49 katika mia hadi 36, na waliokwenda kwa malaya kutoka 12 hadi 6. Hawakuwa malaika baada ya hapo, lakini hesabu ya wake waliosalimika nani aijuaye? Na nasaha waliyopewa ilikuwa ya mtu na mtu, kwa siri na upole, siyo ya kupigiwa kelele juu ya mimbari. Hilo sisi makhatibu tulitie akilini.

Wengine hujigamba kwa tohara. Ni kweli kwamba majaribio ya Kisumu na ya Rakai, yaliyotangazwa mwaka 2007, yaliona tohara humpunguzia mwanamume khatari kwa zaidi ya nusu, na baadaye wenzetu wa Kagera wakaanza kutahiriwa kwa maelfu. Tumshukuru Mungu kwa sunna ya Nabii Ibrahim. Lakini kupunguza si kuzuia, na haimlindi mke hata kidogo kwa mume aliyekwisha kuupata.

Na juu ya mpira, maulamaa wa Uganda walitangulia kuyaona magumu yake. Chama cha matabibu wa Kiislamu wa huko kilipoanza mwaka 1992 kuwafundisha maimamu waende nyumba kwa nyumba, wengi waliukataa kabisa. Kisha wakaukubali katika ndoa, kuwalinda mume na mke. Nami nasema kama wao, na naongeza moja, anilaumuye na anilaumu: mwenye kwenda kwenye haramu amemwasi Mola wake, mlango wa toba uko wazi, lakini asiongeze juu ya dhambi ile dhambi ya kuiua roho, na sitamwambia avue kinga ili madhambi yake yawe safi.

Yule kijana nilimfuata mpaka kwao kumtaka radhi. Nilimkuta amekaa kizingitini anamlea mtoto. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, akanikatiza, akasema, "Maalim, nami nilikosa. Ungelijua ni kidonge gani usingeliniambia vile, nami sikukwambia kwa kukuonea haya." Mkewe alikuwa nyuma ya pazia. Nikamwomba radhi naye. Hakunijibu muda mrefu, kisha akasema, "Mungu atusamehe sote, Maalim. Ila wanaokujia wengine, waulize." Tangu siku hiyo nawauliza. Kila Shaabani ikiingia, baada ya isha natangaza msikitini kwamba mwenye dawa yoyote anayokula aje kwangu peke yake kabla ya mwezi kuandama, na mlango utafungwa. Mwaka wa kwanza alikuja mmoja, naye ana shinikizo la damu. Mwaka wa pili walikuja sita.

Naye amerudi katika gari. Tumepatana kwamba kila usiku wa Ijumaa nimpelekee ujumbe, na neno lenyewe nimeliiba kwa wale wa Nairobi, ijapokuwa halimwelei mzee kama mimi kuandika "Mambo?" kama vijana wa mjini. Alhamisi iliyopita alikuwa Nzega. Akajibu kabla sijamaliza witri: "Sawa, Maalim. Nimekila mbele ya utingo."

Wabillahi taufiki.